Meneja Amejikuna Pua

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimepata elimu. Ya bure, tena nikiwa nimeketi.

Nilipita kwa kinyozi kabla ya kazi. Redio yake ilikuwa inamhoji mtaalamu mmoja mwenye sauti nzito, sauti ya mtu aliyeshiba. Mada: namna ya kumtambua mwongo mnapojadiliana, kwa kuutazama mwili wake tu. Anayedanganya hujikuna pua, alisema. Hukwepa macho. Hufunika mdomo, kama anayetaka kuyarudisha maneno ndani. Uso unaweza kukuchekea huku miguu imeshaelekea mlangoni! Nikahisi nywele zinanisimama, zile ambazo zilikuwa bado hazijanyolewa. Mtaalamu akasema, "Sasa, jambo muhimu kuliko yote ni hili…" Umeme ukakatika. Redio kimya. Mashine kimya. Kinyozi akasema nisubiri au nirudi. Kusubiri ni kuchelewa kazini. Nikatoka na nusu ya kichwa na nusu ya elimu.

Nusu inatosha. Inayobaki nitajijazia mwenyewe.

Kiwandani wamecheka mpaka saa ya chai. Nikavaa kofia, nikapanda kazini, yaani juu ya godoro. Mimi ni mkaguzi. Godoro likishashonwa ninalilalia, nageuka kushoto, nageuka kulia. Nikikuta donge nalirudisha, nisipokuta nagonga muhuri. Wenzangu wananiita Bwana Usingizi. Wivu huo. Hawajui uzito wa kulala kwa wajibu. Jua linaingia kwa mshazari kutoka madirisha ya juu, na nyuzi za sufi zinaelea ndani ya mwanga, zinapanda, zinasita, kana kwamba zimesahau zilikuwa zinakwenda wapi. Nikizitazama sana, na mimi nasahau.

Jioni nimeijaribu elimu nyumbani. Naishi kwa dada yangu na mumewe. Nimemuuliza shemeji nani kamaliza maziwa. Akasema hajui. Miguu yake ilikuwa imeelekea mlangoni! Nikamwita dada, nikamwambia kwa huzuni kwamba ameolewa na mwongo. Dada akasema mumewe anawahi zamu ya usiku, sasa miguu ielekee wapi, kabatini? Na maziwa nimemaliza mimi, aliniona.

Kweli. Nilikuwa nimesahau. Lakini miguu niliisoma vizuri sana.


Jumanne, 6 Mei

Siku kubwa! Nimechaguliwa!

Kamati ya wafanyakazi ilikutana wakati wa chakula, nyuma ya marobota ya kitambaa. Ajenda ilikuwa moja: saa ya kupumzika mchana. Tunatengeneza magodoro kutwa na hakuna anayeruhusiwa kuyalalia ila mimi. Washonaji wanasimama mezani tangu kengele ya asubuhi. Mama Sindano ndiye anayenitia uchungu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia hapa sijui hata kutunga uzi. Mgongo umeanza kumkunja. Siku hizi ikifika mchana anaegemea ukuta, anafumba macho, anajifanya anakagua mshono.

Katibu wa kamati ni dada mmoja tunayemwita Rula. Hajawahi kupinda, si mgongo wala neno. Akatangaza kwamba Meneja atatupokea Alhamisi, na tutaingia watatu: yeye, Mama Sindano, na mtu wa tatu anayejua kunyamaza. Nikasimama. Nikasema mimi najua zaidi ya kunyamaza, najua kusoma mwili. Meneja akitoa ahadi ya uongo nitaiona kabla haijamtoka mdomoni. Kicheko. Rula akaniomba niketi. Sikuketi.

Hapo Mama Sindano akasema basi nijaribiwe. Ataniambia mambo mawili, moja la uongo. La kwanza, zamani za usichana wake alianguka kutoka juu ya paa. La pili, marehemu mumewe alikuwa mpiga tarumbeta. Nikamkazia macho. Uso wake ulikuwa umetulia kama mto uliotandikwa. Nikasema tarumbeta ni uongo, maana alipoitaja alitabasamu. Akatazama dari. Akajikuna pua.

"Umepatia, mwanangu," akasema.

Makofi! Mikono juu! Nimepita! Rula peke yake hakupiga makofi. Alimtazama Mama Sindano, na Mama Sindano akavitazama viatu vyake. Sikuwajali. Nilikuwa naelea, juu kabisa kule ziliko sufi.


Jumatano, 7 Mei

Kinyozi amemalizia kichwa. Nikamuuliza mtaalamu alimaliziaje. Hajui. Umeme uliporudi ilikuwa muziki.

Tumekubaliana ishara. Meneja akisema kweli, nakohoa mara moja. Akidanganya, nakohoa mara mbili. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha dada. Kikohozi cha kweli kiwe kikavu, cha kawaida. Kikohozi cha uongo kiwe na masikitiko kidogo. Dada akapita, akaniwekea maji ya moto na asali, akasema nisilale dirisha wazi.

Mchana Rula alinifuata kazini. Nilikuwa nimelalia godoro laini kuliko yote ya wiki hii. Akasema kile kipindi cha redio na yeye alikisikia, kwake redio ni ya betri, na alikisikia mpaka mwisho. Kuna jambo muhimu kuliko yote, akasema, na afadhali nilijue kabla ya kesho. Nikasema ndiyo, nasikiliza. Akaanza kueleza. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya chini. Ikawa inatoka mbali kidogo, halafu mbali zaidi, kama mtu anayesoma katika chumba cha jirani. Nikajiona niko kwenye ukumbi mweupe usio na kuta. Meneja amekaa katikati. Kila nikikohoa anapungua, anakuwa mwepesi, mwisho anakuwa uzi mmoja wa sufi, naupuliza, unapanda.

Nilipofumbua macho Rula alikuwa ameshaondoka. Kwenye godoro palikuwa na muhuri. Sikumbuki kuugonga.

Sidhani nimekosa kitu. Lingekuwa muhimu kweli lingeniamsha.


Alhamisi, 8 Mei

Nimewaokoa. Bado hawajajua.

Nilifika mapema na wazo langu mwenyewe. Meneja lazima aone tunachokizungumzia! Nikabeba godoro moja dogo la sufi mpaka ofisini kwake, nikalisimamisha kando ya meza, nikalipiga viganja mara kadhaa lifutuke vizuri. Mshono ukaachia upande mmoja. Sufi ikatoka, ikajaa ofisi nzima, polepole, ikatua juu ya kalamu na simu na mabega ya Meneja. Ofisi ile madirisha huwa yamefungwa siku zote. Ilipendeza sana. Ilikuwa kama tumeingia ndani ya wingu kujadiliana.

Rula akaeleza hoja. Alieleza vizuri, kwa heshima, bila kupindisha. Mama Sindano akasema machache kuhusu mgongo. Meneja alisikiliza. Halafu akasema, na namnukuu, "Mna haki. Chukueni saa nzima. Ghala la zamani ni lenu, na magodoro yenye madonge msiyatupe, yalalieni."

Saa nzima! Mama Sindano akashika kifua.

Lakini mimi sikuwa nasikiliza, nilikuwa nasoma. Aliposema "mna haki", alijikuna pua. Aliposema "saa nzima", akafunika mdomo. Machozi yalimlengalenga, akayakwepesha macho yake kwangu, akayatupa dirishani. Miguu? Mlangoni! Mambo yote manne, kama mtaalamu alivyoyataja, katika mwili mmoja! Damu ilinienda mbio. Nikakohoa mara mbili, kwa masikitiko.

Rula akanitazama. Nikakohoa tena mara mbili. Akaomba tutoke kidogo. Kwenye ukumbi akaniuliza nina uhakika. Nikasema sijawahi kumwona mwongo aliyeiva hivi. Akasema yeye anaona mtu anaumwa. Nikamkumbusha kwamba kamati ilipiga kura, mikono ilikuwa juu. Rula huheshimu kura. Tukarudi, akasema kwa sauti kavu kwamba wafanyakazi wana wasiwasi na ahadi ile, wanaomba atoe uthibitisho kwanza.

Meneja akashangaa. Akauliza wasiwasi wa nini, ametoa neno lake. Nikajibu mimi. Nikamwambia mwili wake umeshasema yote.

Akasimama. Sasa macho yalikuwa mekundu kabisa. Akasema kama neno lake si kitu, basi na alirudishe. Hakuna saa, hakuna ghala, kwaherini. Akatoka mbio kupitia mlango uleule ambao miguu yake ilikuwa imeshautazama.

Mwongo aliyegunduliwa! Jioni nimemsimulia dada. Aliendelea kukunja nguo, haraka kuliko kawaida.


Ijumaa, 9 Mei

Karani wa Meneja amekuja kutangaza kwamba bosi yuko zahanati. Macho yamefura, pua imeziba. Ana mzio wa sufi. Tangu ahamishiwe hapa kutoka ofisi za mjini anajifungia madirisha, na chakula anakula peke yake chini ya miti upande wa pili wa uwanja. Hakutaka kuwaambia watu. Meneja wa magodoro anayepiga chafya kwenye magodoro, nani angemheshimu?

Wote walinigeukia. Hata cherehani zilionekana kunitazama.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Wamerudi mezani wakasimama, na mchana walipochoka walichoka kimyakimya. Mama Sindano alijaribu kuegemea ukuta, mgongo ukakataa. Wawili walimshika mikono wakamsindikiza nyumbani. Alipopita karibu yangu alinigusa bega. Nilikuwa nimelala juu ya godoro, kazini. Nikaona aibu ya kulala.

Sikugonga muhuri hata mmoja mchana mzima. Nimelala chali tu, natazama mwanga ukihama ukutani. Kila godoro nilisikia lina donge. Mwisho nikagundua donge liko kifuani kwangu.


Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda kumwona Mama Sindano. Anakaa chumba kimoja na sebule ndogo, mapazia kashona mwenyewe. Nilimkuta amelala chini kwenye mkeka, mto chini ya magoti. Akaniambia nisisimame kama askari, nikae. Nikakaa. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akasema mgongo ni wake na ulianza kabla yangu, nisiubebe. Nikalia kidogo. Akanipa upindo wa kanga nijifute.

Halafu nikainua macho. Ukutani, juu ya picha ya mwanamume mwenye sare na mashavu makubwa, palitundikwa tarumbeta. Imesuguliwa, inang'aa.

Akaona nilikotazama. Akaniambia niisikilize vizuri habari hii. Siku ile alinidanganya. Mumewe alipiga tarumbeta kwenye bendi maisha yake yote, na aliyeanguka kutoka juu ya paa ni dada yake, si yeye. Nilikosea, naye akasema nimepatia.

Nikamuuliza kwa nini.

"Hujawahi kuchaguliwa kwa lolote, mwanangu. Nilitaka uingie nasi mara moja. Sikujua utaingia na godoro."

Niliondoka jua likielekea kuzama. Mtaa ulikuwa mtulivu, watu wamekaa vibarazani, mtu mmoja anafagia taratibu kana kwamba anabembeleza ardhi. Nikatembea nikiwaza maneno yake. Alinitazama usoni moja kwa moja. Mikono ilitulia. Hakugusa pua. Hakupepesa jicho hata kidogo.

Nikasimama katikati ya njia. Hakupepesa hata kidogo! Nani asiyepepesa? Aliyejizoeza! Mama wa watu, na mgongo ule, amekwenda kutafuta tarumbeta, ameisugua, ameitundika, kisha amenitungia habari ya bendi ili nisijione nina kipaji cha hatari. Kwa huruma tu. Moyo gani huo! Nimetembea njia yote iliyobaki nikiwa nimeguswa sana.

Dada anauliza, na yule bwana wa kwenye picha? Nimemwambia picha ni kitu rahisi kupata.


Jumatatu, 12 Mei

Mama Sindano aliniagiza nimwombe radhi Meneja pia. Rula alikuwa anakwenda kuonana naye, akasema nitaingia naye, nitaomba radhi, nitatoka. Alilisema neno "nitatoka" mara mbili.

Nimeomba radhi. Kwa dhati, kichwa chini, kofia mkononi. Meneja macho bado mekundu. Akasema yamekwisha, ndugu yangu, hata yeye alikasirika upesi. Sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida kabisa. Nikajisikia mwepesi. Nikatoka.

Nilitoka kweli. Lakini mlango wa ofisi ile una kioo, na mimi nina macho. Nikajiambia nitasimama pembeni kidogo, kwa faida ya Rula. Meneja alikuwa anamsikiliza. Nikasogea nione mikono. Kioo kikaingia ukungu wa pumzi yangu, nikakifuta kwa kiwiko. Meneja akainua kichwa. Tukatazamana. Akaja hadi mlangoni, akavuta pazia.

Nikangoja kwenye ukumbi. Ukumbi ule una saa isiyotembea na kiti kimoja. Nadhani nilisinzia. Nilikuwa naota pazia linalopumua wakati Rula alipotoka.

Nusu saa, akasema. Ghala ndiyo, magodoro yenye madonge ndiyo, lakini saa nzima makao makuu wameshakataa, ule mlango umefungwa. Tungekubali Alhamisi ile, Ijumaa wangesaini bila kuuliza. Na kuna sharti moja. Mimi nisikanyage tena kwenye mazungumzo yoyote, wala karibu na kioo.

Nikamuuliza kile kilichokuwa muhimu kuliko yote kwenye redio. Mara hii nilikuwa macho. Akaniambia. Mtaalamu alisema hakuna ishara moja inayomthibitisha mtu kuwa mwongo. Kwanza umjue mtu huyo alivyo siku zake zote, na hata hapo usihukumu, uulize tu. "Ungemuuliza tu," akasema Rula. "Ungesema, bosi, unaumwa?"

Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nusu saa ya Mama Sindano. Nusu saa ya kila mtu. Nimeila mimi.

Usiku nimelala macho wazi, nikikubali makosa yangu moja baada ya jingine, mpaka wazo likaja, jepesi, likatua. Meneja kavuta pazia. Kaweka sharti nisimkaribie. Sasa, mtu asiye na la kuficha anaogopa kusomwa kwa nini?

Nikapata usingizi mzuri.


Jumatano, 14 Mei

Mapumziko ya kwanza!

Ghala la zamani lina dirisha moja refu na harufu ya mbao. Tulifagia, tukapanga magodoro yenye madonge ukutani. Yote niliyakataa mimi katika kazi yangu, nayajua moja moja. La Mama Sindano nilimchagulia mwenyewe. Donge lake liko chini, halifiki mgongoni. Alijilaza kidogokidogo, kwanza mkono, halafu bega, halafu vyote. Akashusha pumzi ndefu, na watu wengine wakaishusha pamoja naye. Kengele ilikuwa haijamaliza kulia na tayari wengine wanakoroma.

Nilitaka kulala. Nilistahili. Lakini chumba kizima cha miili, imetulia, haijilindi, mwanga unaipitia juu kama maji! Mtaalamu yupi aliwahi kupata nafasi hii? Nikavua viatu, nikaanza kutembea kwa vidole kati ya magodoro. Mkata kitambaa kalala amekunja ngumi: ana deni au ana siri. Msukuma marobota anatabasamu: sijui, ila si bure. Karani wa Meneja, aliyekuja kama mgeni, kajifunika uso kabisa. Nimemwekea alama akilini.

Rula alilala ubavu, amenyooka vilevile. Nikachuchumaa. Kidole kikubwa cha mguu wake kikatikisika. Aliyelala hatikisi kidole! Yuko macho, ananichunguza ninavyochunguza. Na mwanamke anayejifanya amelala ili amchunguze mwanamume… niliona joto masikioni. Nikamnong'oneza kwamba najua hajalala.

Hakufumbua macho. Akasema, "Lala."

Neno moja. Nikarudi kwenye godoro langu, nikakaa nikalitafakari. Alisema lala, lakini alisema macho yamefumbwa, hakunitazama kabisa. Anayekwepa macho hasemi kweli. Kwa hiyo Rula hataki nilale. Ananiambia, kwa njia pekee aliyo nayo mbele za watu, kwamba nikae macho. Nikakaa macho. Nusu saa nzima nilikaa wima, mikono magotini, nikiwa mtu pekee macho katika nyumba nzima ya usingizi, na furaha isiyo na jina.

Wamerudi mezani uso mkunjufu, wanaimba. Mimi nimerudi kukagua. Wamenikuta jioni juu ya godoro la tatu, muhuri shavuni.